Krimu ya Uso Ikiwasha, Je, Inafanya Kazi?

Watu wengi wanaoanza kutumia krimu mpya ya uso huamini kwamba ikiwasha ndiyo inafanya kazi, na kwamba anayeiacha mapema amekosa uvumilivu. Imani hiyo inaeleweka, kwani tangu utotoni tumepakwa spiriti kwenye vidonda na kuambiwa kwamba dawa ni ile inayouma.

Hata hivyo, kwa kawaida muwasho huonyesha kwamba tabaka la juu la ngozi, linalozuia maji yasipotee na vijidudu visiingie, limedhurika. Maji ya limau, ambayo wengi huyapaka ili kuondoa madoa, yana pH (kipimo cha asidi, ambapo namba ndogo ni asidi kali zaidi) ya karibu 2, ilhali ya ngozi ni karibu 5. Kinachowasha ni asidi, na kwenye ngozi nyeusi mchubuko wa namna hiyo mara nyingi huacha madoa mapya, yaani kile kile kilichokuwa kikikimbiwa. Ni kweli kwamba dawa za jamii ya retinoidi, yaani zinazotokana na vitamini A, huweza kukausha na kubambua ngozi katika wiki za mwanzo, lakini uvimbe, malengelenge au maumivu yasiyokoma si mambo ya kuvumilia.

Kabla ya kupaka krimu usoni, paka kidogo upande wa ndani wa mkono, pale kiwiko kinapokunjika, mara mbili kwa siku kwa siku 7 hadi 10, ukiangalia kama panawasha au panavimba. Anza na kipodozi kimoja kimoja, kwani ukianza vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimekudhuru. Kopo lisiloonyesha viambato, mimi ningeliacha dukani.