Maji si chakula

Mwezi wa saba kule Kilolo baridi haina adabu. Ukungu unakaa juu ya misindano mpaka saa nne asubuhi, na watoto wanaletwa kliniki wamevikwa kofia mbili, ya pili juu ya ya kwanza. Siku hiyo nilikuwa karibu na mizani, ile ya kumning'iniza mtoto ndani ya suruali ya kitambaa, nasaidia kujaza kadi. Akaja mama na binti wa miezi mitatu. Uzito ulikuwa umesimama palepale pa mwezi uliopita. Nikauliza swali nililouliza miaka yote ya kazi yangu: "Mama, mtoto unampa chakula gani?"

"Ziwa tu, daktari."

Mimi si daktari, ni afisa lishe, lakini huku mwenye kalamu na kadi ni daktari na nimeshaacha kubisha. Nikaandika: maziwa ya mama pekee. Bibi yake mtoto alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma yetu. Akacheka kidogo.

"Ziwa na maji ya uvuguvugu, mwanangu. Baridi yote hii anyonye ziwa tu?"

Mama akamtazama mkwewe, kisha akanigeukia mimi bila aibu yoyote. "Lakini maji si chakula."

Na kweli maji si chakula. Kinacholiwa ndicho chakula. Maji yananywewa, dawa inanywewa, na asali ya kulambishwa kwa ncha ya kidole sijui tuiite nini, lakini hakuna atakayesema mtoto amekula. Yule mama hakunidanganya. Alijibu swali kwa Kiswahili safi, na swali ndilo lilikuwa bovu. Nilirudi nyumbani nikihesabu kichwani ni kadi ngapi nimejaza "maziwa ya mama pekee" kwa watoto waliokuwa wanakunywa maji, dawa ya chango na maji ya mchele.

Tunapenda kusema kina mama hawana elimu ya kunyonyesha. Ukikaa nao kwa utulivu, kuanzia Mbalizi hadi Mafinga, unakuta elimu ipo, tena ya kukariri. Muulize mama yeyote mwenye kadi ya kliniki mtoto anyonyeshwe maziwa pekee kwa muda gani, atakujibu miezi sita kabla hujamaliza swali. Atakwambia aanze ndani ya saa moja baada ya kujifungua, aendelee mpaka miaka miwili. Hata dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano ambayo bibi zetu walikuwa wanayakamua na kumwaga wakidhani ni uchafu, siku hizi ni wachache wanaoyamwaga. Hapo tumesogea: kitaifa, watoto walioanza kunyonya ndani ya saa moja walikuwa asilimia 51 kwenye utafiti wa afya wa 2015–16, na mwaka 2022 wakafika asilimia 70. Sehemu kubwa ya sifa hizo wapewe wakunga wa leba, maana wao ndio wanaomlaza mtoto kifuani kwa mama kabla ndugu hawajaingia na thermos.

Kinachonipa shida ni takwimu nyingine tunayoisoma kwa furaha. Utafiti huohuo wa 2022 unasema asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi sita wananyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Mtu akisikia hivyo anadhani watoto 64 katika kila 100 wanafika miezi sita bila kuonja kitu kingine. Sivyo. Mama anaulizwa mtoto alipewa nini jana, mchana na usiku, na kundi hilo lina watoto wa wiki moja pamoja na wa miezi mitano. Angalia 2015–16, ambapo jumla ilikuwa asilimia 59: waliokuwa chini ya miezi miwili walikuwa asilimia 84, lakini waliokuwa na miezi minne hadi mitano walikuwa asilimia 27 tu. Wanaanza wengi, wanamaliza wachache. Kitu kinatokea katikati, na hicho kitu hakitibiwi kwa bango jingine la ukutani.

Kwanza hayo maji. Maziwa ya mama karibu asilimia 88 yake ni maji. Mtoto anayenyonya vizuri hapati kiu, iwe jua la Usangu au baridi ya Kitulo. Kikombe kidogo cha maji hakimwongezei kitu. Kinamjaza tumbo, anashiba uongo, analala bila kunyonya. Hapo ndipo hasara inapoanza, kwa sababu titi linafanya kazi kwa kuagizwa. Waliokulia kwenye chai, Rungwe au Mufindi, wananielewa haraka nikiwaambia hivi: mchai unaochumwa kila baada ya siku chache unatoa majani mapya, ukiuacha bila kuchuma unakuwa mti, hauna faida tena. Titi likinyonywa mara kwa mara linatengeneza. Maziwa yakibaki ndani, titi lenyewe linapokea taarifa kwamba hayahitajiki, linapunguza. Na usiku ndio wakati kichocheo cha kutengeneza maziwa kinapanda zaidi mwilini, kwa hiyo anayemnyima mtoto ziwa la usiku ili alale anapunguza akiba ya kesho.

Kwa hiyo mama aliyeanza na maji kwa sababu ya baridi anafika wiki ya tatu ya kunywesha maji na analalamika kweli, wala si uongo: maziwa hayatoshi. Uji unaingia.

"Maziwa hayatoshi" ndiyo sentensi ninayoisikia kuliko zote, na mara nyingi hakuna upungufu wowote inapoanza kusemwa. Kuna kipindi, karibu na wiki ya tatu na tena ya sita, mtoto anataka kunyonya kila saa, analia akitolewa, jioni ndio balaa. Anakua, anaagiza maziwa zaidi. Siku mbili tatu za kumwachia ziwa, mambo yanatulia. Lakini ndani ya siku hizo mbili tatu jirani amepita, wifi amepita, na kila mmoja amesikia kilio. Kama mtoto ni wa kiume ndio kabisa: "Dume hilo, litashiba maziwa?" Nimesikia Uyole, nimesikia Ilula, kwa lafudhi tofauti na uhakika uleule. Wengine wanakamua mbele yangu kunionyesha, yanatoka matone, wanasema unaona. Mkono haunyonyi kama mtoto, huwezi kupima kisima kwa kijiko. Ninachoangalia mimi ni nepi na mizani. Mtoto aliyepita wiki ya kwanza, anayelowesha mara sita au zaidi kwa siku na anayepanda kwenye kadi yake, huyo anashiba, alie asilie.

Pale ambapo kweli hapati, mara nyingi tatizo ni jinsi alivyoshika. Akishika chuchu peke yake bila sehemu nyeusi ya titi, mama anapata vidonda, mtoto anapata kidogo, na wote wawili wanaanza kuchukiana saa nane za usiku. Kumrekebisha kunachukua robo saa. Robo saa hiyo ndiyo tunayoikosa kwenye kliniki yenye watoto 80 na muuguzi mmoja, na hili nalisema nikijua nami nimewahi kumpitisha mama haraka ili foleni iishe.

Halafu kuna shamba. Watu wa mjini wakizungumzia mama anayefanya kazi wanawaza ofisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya siku 84, au 100 akijifungua mapacha, na mwajiri anatakiwa amruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Nzuri sana. Lakini mama anayelima viazi vya familia yake kule Umalila ataomba ruhusa kwa nani? Palizi haimsubiri. Anaondoka saa kumi na mbili, anarudi saa tisa, mtoto kaachwa na bibi au na dada wa miaka kumi. Na akirudi titi limejaa, linauma, anaambiwa maziwa yale yamepigwa jua, yamechacha, ayamwage kwanza. Maziwa hayachachi ndani ya titi, hata ulime siku nzima. Anamwaga mlo wa mtoto aliyeshinda na uji mwembamba.

Nikiwaambia wakamue kabla ya kuondoka wengi wanakunja uso. "Kama ng'ombe?" Jibu langu la zamani lilikuwa mhadhara. Siku hizi nacheka nao, halafu naomba kikombe chenye mfuniko, sabuni na maji ya moto, na anayetaka tunajaribu pamoja. Yakifunikwa na kuwekwa mahali pa ubaridi yanakaa masaa sita bila shida, na nyumba zetu za milimani ubaridi si wa kuutafuta. Mtoto anyweshwe kwa kikombe au kijiko. Chupa kuisafisha ni kazi, na chuchu ya plastiki inamzoesha kunyonya vibaya. Si wote wanaorudi wamejaribu. Wanaorudi, mara nyingi ni wale ambao bibi alikuwepo akaona kwa macho yake.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye dodoso lolote nililowahi kupewa, nalo ni kubemenda. Anayesoma hili Tanzania hahitaji tafsiri: wazazi wakikutana kimwili mtoto bado ananyonya, hasa baba akitoka nje, mtoto anadhoofu, miguu inalegea, anachelewa kutembea. Mama akihisi tu ana mimba, mtoto wa mwaka mmoja anaachishwa ziwa siku hiyohiyo, maana maziwa "yameharibika". Sijawahi kumshinda mtu kwa kumwambia ni imani potofu. Ngono haiharibu maziwa, na mwenye mimba isiyo na matatizo anaweza kuendelea kunyonyesha. Lakini wazee walikuwa wameona kitu. Mtoto anayeachishwa ghafla kwa sababu mdogo wake yuko njiani kweli anadhoofu. Walichoona ni sahihi, walikosea sababu. Kwa hiyo naanzia hapo, kwenye nafasi kati ya mtoto na mtoto. Anayenyonyesha maziwa pekee mchana na usiku, mtoto hajafika miezi sita na hedhi haijarudi, ana kinga dhidi ya mimba kwa zaidi ya asilimia 98. Moja ya hayo matatu likivunjika, aje achukue njia nyingine. Kina baba, wakikubali kukaa, husikiliza sehemu hii kuliko zote.

Na kuna VVU, huwezi kuandika kuhusu ziwa Nyanda za Juu Kusini ukaikwepa. Utafiti wa kitaifa wa 2022–23 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa ni 4.4. Mama anayeishi na VVU anaogopa ziwa lake mwenyewe, na sisi wahudumu tulichangia hofu hiyo, kwa sababu kwa miaka mingi ushauri ulikuwa unabadilika. Leo uko wazi: atumie dawa zake kila siku, mtoto apewe dawa kinga na apimwe kwa ratiba, anyonye maziwa pekee miezi sita, kisha aendelee na ziwa pamoja na chakula. Tangu 1999 watafiti wa Durban walionyesha kwamba waliochanganyiwa ziwa na vitu vingine miezi ya mwanzo waliambukizwa zaidi ya walionyonya tu. Huyu ndiye mama ambaye maji ya uvuguvugu yanamgharimu kuliko wote, na ndiye asiyeweza kumweleza mkwe kwa nini anakataa. Nimemwambia mmoja asingizie mimi: "Sema daktari mkali." Hapo cheo cha bandia kilinifaa.

Iringa mwaka 2022 ilikuwa na udumavu wa asilimia 57 kwa watoto chini ya miaka mitano, ya kwanza nchini, mkoa unaouza mahindi hadi nje. Ziwa peke yake haliwezi kubeba lawama hiyo; uji mweupe usio na kitu baada ya miezi sita una sehemu yake kubwa, na uchovu wa mama pia. Hilo nitaliandika siku nyingine nikiwa na hasira za kutosha.

Swali langu nimelibadilisha. Siulizi tena chakula. Nauliza: "Tangu jana jua linazama mpaka sasa hivi, ni nini kimepita mdomoni mwa mtoto?" Halafu nataja kimoja kimoja: maji, maji ya sukari, maji ya mchele, asali, dawa ya dukani, dawa ya mizizi, uji, maziwa ya ng'ombe. Na namuuliza aliyeshinda naye, kwa hiyo mara nyingi namuuliza bibi.

Mwezi wa nane yule bibi wa Kilolo alirudi na mjukuu, mama alikuwa shambani. "Kamwene," nikamsalimu, tukakaa benchi moja. Mtoto alikuwa ameongezeka gramu 600. Nikauliza swali langu jipya, nikataja orodha yote. Maji? Hapana, tangu uliposema, hata tone. Asali? Hapana. Uji? Bado, mwanangu, tunangoja miezi yenu sita.

"Dawa ya chango?"

Akanitazama kwa mshangao. "Hiyo tunampa kila jioni. Lakini dawa nayo si chakula."

Nikafunga kalamu, nikamsogelea.