Maua ya maharagwe yakipukutika, si lazima iwe njaa ya mbolea

Hapa Malindi, wengi wanaopanda maharagwe ya kutambaa uani huamini kwamba maua yakipukutika bila kushika maganda, udongo una njaa, na dawa yake ni samadi zaidi au yurea, mbolea ya dukani yenye nitrojeni. Imani hiyo ina msingi, kwa kuwa mchanga wetu wa pwani kweli hauna rutuba nyingi.

Lakini yale marefu yenye maua mekundu asili yake ni nyanda za juu za Meksiko na Amerika ya Kati, kwenye ubaridi. Joto likizidi, hasa usiku, ua huanguka kabla ganda halijashika. Yurea huongeza majani tu. Tena mharagwe hupata nitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi mizizini.

Hili unaweza kulikagua mwenyewe. Mche ukianza kuchanua, uchimbue taratibu; usiung'oe, maana vinundu vya mizizi, wanamoishi bakteria hao, vitabaki ardhini. Pasua kinundu kwa ukucha. Ndani pakiwa na rangi ya waridi au nyekundu, bakteria wanafanya kazi. Pakiwa peupe au kijani, bado hawajaanza au wamechoka, na hapo samadi iliyooza vizuri yaweza kufaa.

Kisha linganisha majira: panda mashimo machache wakati wa kusi, majira yenye ubaridi kidogo, mengine kaskazi, majira ya joto, kwa udongo na maji yaleyale, uhesabu maganda. Kwa kaskazi mimi napendekeza kunde au fiwi. Zinastahimili joto, na majani ya kunde ni mboga hata kabla ya maua.