Wavu wa Kuku Haumzuii Nguchiro

Wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji huko Kisauni, Mtongwe na Miritini, hapa Mombasa, huzungushia mabanda yao ule wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita. Wavu huo una kazi moja tu, kumzuia kuku asitoke. Mbwa huurarua kwa meno, kanu hupenya pale ulipolegea, na panya hupita bila taabu. Mfugaji ameshagharamika, na asubuhi bado anaokota manyoya.

Kabla ya kununua chochote, mjue anayekuibia. Kifaranga akitoweka mchana kweupe bila kuacha dalili, tazama juu kwanza, kwani huenda ni mwewe au kunguru. Kunguru hawa tulionao, wenyewe twawaita kurabu, asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, na wamezidi pwani hii kiasi kwamba mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Kuku mkubwa akikutwa asubuhi shingo imetafunwa, shuku kanu au kicheche. Mayai yakitoweka mazima, huenda ni kenge au nyoka. Maganda yakitapakaa, yaelekea ni nguchiro, ambaye wengi wao huwinda mchana, wenyeji wakiwa kazini. Ukibaki na shaka, tandaza majivu laini kuzunguka banda jioni, kisha usome nyayo alfajiri.

Sasa wavu. Pande zote za banda la kulala zinahitaji wavu wa nyaya ngumu zilizochomelewa, matundu yasizidi nusu inchi, yaani kama milimita 13. Tundu la inchi moja humpitisha panya na nyoka mwembamba. Nyoka huyo akishameza kifaranga tumbo humjaa, akashindwa kutokea pale alipoingilia. Ndiyo sababu wengine hukutwa asubuhi wamejikunja pembeni mwa banda. Kwa hiyo mwanamke au mtoto anayekwenda kuokota mayai amulike kwanza kabla ya kutia mkono.

Ushauri wa kawaida ni kuuzika wavu sentimita 30 ardhini. Kwetu hilo ni gumu. Sehemu nyingi za kisiwani na Nyali sululu hugonga jiwe la matumbawe mapema mno, na penye mchanga mtupu mbwa huchimba upesi kuliko unavyodhani. Njia inayofaa pote ni kuukunja wavu chini kuelekea nje, ulale juu ya ardhi upana wa sentimita 45 hadi 60, uukandamize kwa mawe na kuufunika udongo. Mnyama huanza kuchimba pale ukuta unapokutana na ardhi. Akikuta waya chini ya makucha, kwa kawaida hujaribu palepale tena na tena, harudi nyuma akaanzia mbali.

Chumvi ya bahari hula waya. Nunua uliopakwa zinki, na kama mfuko unaruhusu, wenye plastiki juu yake. Kagua sehemu za chini kila mwezi, na zaidi baada ya mvua za masika, kwa sababu kutu huanzia penye unyevu.

Kwa uwanja wa kuku wa mchana huhitaji gharama kubwa juu. Nyavu kuukuu za wavuvi, zikitandazwa na kukazwa juu ya boriti, humzuia mwewe na kunguru vizuri sana. Paa la makuti ni zuri kwa ubaridi wake, lakini panya na nyoka hulipenda pia. Lipigilie wavu kwa ndani.

Vifaranga wasiachiwe wazurure na mama yao. Wiki 8 za kwanza ndizo za hatari kubwa, basi wakae ndani ya uzio uliofunikwa. Kuku wakubwa hurudi bandani wenyewe jua likizama. Mlango ufungwe adhana ya magharibi ikilia, si baada ya chakula cha usiku, na uwe na komeo la kufuli.

Sumu usiitege kamwe. Huua paka wa jirani, huua mwewe anayekula mizoga, na mtoto anaweza kuiokota. Ukimkuta chatu bandani usimkaribie wala usimpige panga. Waondoe watoto na uwapigie simu KWS waje kumchukua.