Ukiikata hosta ndo inazidi kukuchoma

Jumamosi iliyopita kaka mmoja kaja hapa gereji kwangu Fort Worth, Texas, ninapotengeneza hosta, yaani ala za bastola za kuvaa kiunoni ndani ya suruali, kanitolea yake kwenye mfuko wa rambo alafu akaniambia "fundi, nimeipunguza lakini bado inanichoma". Kaipunguza kweli, tena kwa msumeno wa chuma, kakata kama sentimita mbili za chini mpaka mdomo wa bastola yake, Glock 43, ukawa unachungulia nje, na pale alipokata pamebaki na makali kama kifuniko cha kopo la maziwa. Hiyo ni ya nne mwaka huu. Ya nne! Na wote wananipa sababu moja, kwamba ukibeba mbele, pale chini ya kitovu, basi kitu kifupi kitakusumbua kidogo na kirefu kitakusumbua sana. Ndugu zangu, ni kinyume chake, na leo nalieleza mpaka mwisho maana nimechoka kulirudia kwenye simu usiku wa manane.

Ya sheria nayapita haraka. Texas tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu wa miaka 21 kwenda juu ambaye sheria haimzuii anabeba bila leseni, lakini nyie madereva wa semi, yale malori makubwa ya masafa, leseni kachukueni tu, majimbo mengi yanaitambua ya Texas, ila California, New York na New Jersey haziitambui kwa hiyo usivuke nayo ukidhani Marekani yote ni nchi moja. Wa viza ya masomo au ya kutembea, sheria ya shirikisho kwa kawaida haikuruhusu hata kuimiliki. Na kampuni yako ya malori ikishakataza, imekataza, usije kwangu nikushauri namna ya kuficha.

Jambo lingine dogo kabla sijaanza. Video za Wamarekani zinahesabu kiuno kama uso wa saa, zinasema weka hosta saa moja, na kuna mzee wa Bukavu aliisikiliza akaiweka kwa hesabu yetu, yaani upande wa kushoto nyuma ya nyonga, akawa anashangaa mbona hafikii mpini. Saa moja yao ni saa saba yetu. Kitovu ni saa sita, na sisi tunazungumzia kati ya saa sita na saa saba, basi.

Sasa ya urefu. Shika bastola yako isiyo na risasi, iweke kwenye mkanda uiangalie. Kilicho juu ya mkanda ni mpini, na ndani ya mpini kuna magazini imejaa risasi, huko ndo kuliko na uzito. Kilicho chini ya mkanda ni mtutu tu. Mtutu wa Glock 43 ni milimita 86 hivi, wa SIG P365 hata 80 haufiki. Kwa hiyo una kitu kizito juu na kijiti kifupi chini, na katikati mkanda umekibana. Kitafanya nini? Kitapinduka. Mpini unalala kwa nje, unachoreka kwenye shati, na kile kijiti cha chini kinaingia ndani, kinachimba nyama ya kinena kwa ncha. Mimi nimekulia Tanga, na kwa mtu wa pwani mfano ni mlingoti. Mlingoti haushikiliwi na pale juu unapopita tu, unashuka mpaka chini kabisa ya chombo ndo unakuwa na nguvu ya kusimama, ukiukata mguu unalala na tanga lake. Hosta ni hivo hivo, sehemu ya chini ya mkanda ndo mguu wa mlingoti.

Alafu kuna suala la ncha yenyewe. Ndoo ya lita 20 yenye mshikio wa waya inakukata kiganja, ukiviringisha kitambaa kwenye ule waya unafika nyumbani salama, na maji ni yaleyale. Hosta ndefu inalala kwenye mwili kwa eneo kubwa, fupi inakuegemea kwa ncha. Ndo maana watu wanaojua wanabeba Glock 26 ndani ya hosta ya Glock 19, ambayo ni ndefu zaidi, inaingia bila shida, mbele inabaki nafasi tupu ya sentimita moja na nusu hivi, na hiyo nafasi tupu ndo inayokuletea raha. Wateja wangu wanaitazama ile nafasi wanasema fundi umekosea kipimo. Sijakosea!

Sasa kabari. Hili ndo linaniudhi kuliko yote, kwa sababu nikimpa mtu hosta yenye kabari, kitu cha kwanza anakibandua, anasema inaongeza unene. Kabari ni kipande cha sponji ngumu kinachobandikwa upande wa mwilini, CHINI kabisa karibu na mdomo wa mtutu. Siyo pale kwenye kinga ya triga, ile pete inayozunguka kifyatulio, huko ukiweka unasukuma bastola nzima nje na hujafanya kitu. Ikiwa chini inasukuma mdomo nje, na mdomo ukitoka mpini unarudi ndani, kama ubao wa pembea. Zangu nazikata kwenye lile tofali la sponji la yoga, naanza na unene wa sentimita moja naenda mpaka mbili na nusu, nazungushia kingo kwa msasa zisiwe na kona, nazishika kwa velkro ili mteja aipandishe na kuishusha mwenyewe. Huna sponji? Kunja soksi moja, izungushie utepe wa gundi, ishike chini ya hosta utembee nayo siku nzima. Soksi imewatatulia watu wengi shida kabla hawajanilipa hata senti, na mi naona sawa kabisa.

Ukucha ni kitu kingine, watu wanauchanganya na kabari. Ukucha ni kile kibawa cha plastiki pembeni ya kinga ya triga kinachogusa mkanda kwa ndani, kazi yake ni kuuzungusha mpini uje tumboni. Unasaidia kuficha. Raha hauleti, na ukiwa mkubwa sana unaongeza mbano. Kwa hiyo ukiniambia "inachoma" alafu unaniuliza kuhusu ukucha, tunaongea vitu viwili tofauti.

Mkanda usiwe kama ubao. Zamani tuliuza mikanda ya ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, migumu, na kwa kubeba nyonga ilikuwa sawa, ila mbele unapokaa mwili unakunjika na mkanda haukunjiki. Chukua unaojipinda kidogo, wenye matundu ya karibu karibu, na bakli lake lisogeze kushoto lisigombanie nafasi na hosta. Suruali nayo iwe na nafasi, inchi moja au mbili zaidi ya kiuno chako, vinginevyo unanilaumu bure.

Nikikupima huwa nakuangalia ngozi. Unavaa bila risasi masaa mawili, unakaa, unainama kufunga kamba za viatu, unaingia garini, alafu unaniinulia shati. Mstari mwekundu ulionyooka ni ukingo wa Kydex, ile plastiki ngumu ya hosta, hapo ni msasa tu na moto kidogo. Alama ya duara ni kichwa cha skrubu au klipu, ile inayoishikiza hosta kwenye mkanda. Alama nyekundu moja iliyokolea chini kabisa ni ncha, ndo ile ya hosta fupi au kabari iliyobanduliwa. Wekundu mpana uliofifia usiokuwa na ukingo ndo ninaoutafuta, huo unapotea ukinywa chai. Na kabla hujaninunulia nyingine jaribu kusogeza hii uliyonayo sentimita mbili kuelekea kitovuni, maana ukiiweka mbali sana kulia, ukikaa paja linapanda linaisukuma juu mbavuni, alafu unasema hosta mbaya.

Sasa nyie wenye vitambi. Mnaambiwa kubeba mbele ni kwa vijana wembamba. Siyo kweli, nina wateja wa kiuno cha inchi 44 wanabeba mbele kila siku. Lakini hapa niseme ukweli ambao wauzaji hawausemi: nilishawapima watu wawili, urefu mmoja, kiuno kimoja, bastola aina moja, mmoja akapata raha hosta ikiwa juu na kabari nene, mwingine kabari ile ile ilimuua mpaka nikaitoa yote nikaishusha hosta. Namna tumbo linavyoshuka kwa kila mtu mkanda haukuambii. Wapo niliohangaika nao mara tano nikaishia kuwarudisha nyonga, na pesa yao nikawapa. Na urefu nao una mwisho wake, mtu mfupi ukimpa hosta ya Glock 34, yenye mtutu wa milimita 135, akikaa itamgonga paja na hapo hamna kabari itakayomsaidia. Kina dada wanaovaa suruali za kiuno cha juu, mkanda wenu uko mahali pengine kabisa kwenye mwili, njooni na suruali yenyewe mnayoivaa kazini, siyo ya gym.

Hosta za kitambaa cha mpira za dola 15 sizigusi. Ukiibinya kwa nje ukahisi triga inasogea, hiyo siyo hosta, ni soksi. Ya ngozi nzuri haina shida ila ikichakaa mdomo wake unalegea na kukunjika ndani, na ule mkunjo unaweza kuingia kwenye triga wakati unarudisha bastola. Na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ukibeba mbele mtutu unaelekea kwenye mshipa mkubwa wa paja, na mimi kila nikimkabidhi mtu kazi yangu hilo halinitoki kichwani. Kurudisha bastola fanya polepole. Sukuma nyonga mbele, shati liinue kabisa, TAZAMA kwa macho, kidole kikae mbali na triga, dole gumba liwe nyuma ya slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, na kamba za jaketi zile zenye vifundo vya plastiki zikate uzitupe kwa sababu zinaingia kwenye kinga ya triga. Ukikutana na ukinzani wowote simama, toa, angalia. Na unapoivua kulala kwenye semi, vua hosta na bastola ikiwa humo humo, triga ibaki imefunikwa.

Yule kaka wa msumeno nilimtengenezea nyingine. Nilichukua bastola ya plastiki ya mfano, nikaunga kipande cha mbao mbele ya mtutu, karatasi ya Kydex ya milimita 2 nikaipasha kwenye oveni mpaka ikalegea kama chapati, nikaiminya. Imekuwa ndefu kuliko ile aliyoikata kwa sentimita nne, na alipoiona uso ulimbadilika. Nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki na kikombe cha chai tukaongea habari za nyumbani karibu saa nzima, nikamwinua, nikamwambia ainue shati. Wekundu mpana uliofifia.

Juzi kanipigia akiwa Amarillo. Chini hakuna maumivu tena, ila mkanda wa kiti cha gari unaibana klipu ya kulia kwenye mfupa wa nyonga baada ya masaa matatu. Nimemwambia mkanda wa kiti aupitishe chini ya mpini, na klipu aihamishe tundu moja kushoto. Sina hakika kama inatosha kwa mtu anayekaa masaa kumi, kwa safari ndefu mi mwenyewe naivua. Jumamosi anapita tena tuone.