Toeni Kijiko Mdomoni

Hapa Busia wameniletea tena kijana wa boda, jino la mbele limekatika. Kifafa chake kilikuwa kimekwisha chenyewe, kama kawaida yake. Jino ndilo halitarudi. Jirani aliyemsukumia kijiko mdomoni alinieleza, kwa fahari kabisa, kwamba amemwokoa asimeze ulimi.

Ndugu zangu, ulimi haumezwi. Umeshikwa na misuli hadi kwenye taya la chini, utakwenda wapi? Na anayewahi kuung'ata huwa ameshaung'ata katika zile sekunde za mwanzo, mwili unapokakamaa. Wewe ukitoka jikoni na kijiko, kazi imekwisha kitambo. Damu inayochanganyika na povu hutoka hapo, pembeni mwa ulimi, wala si mapafu yaliyopasuka. Kidonda hicho mara nyingi hupona bila hata kushonwa. Kijiko, kwa upande wake, huvunja meno, na kipande cha jino kikiingia kwenye njia ya hewa ndipo tutatafutana. Kidole chako nacho taya hilo halikijui kuwa ni cha msaada.

Uzushi huu una chembe ya ukweli, ndiyo maana haufi. Mtikisiko ukikoma, misuli hulegea. Mtu akiwa bado hana fahamu na amelala chali, ulimi huanguka nyuma na kuziba koo. Ona basi vituko vyetu: wakati taya limekaza, watu kumi wanahangaika na kijiko, mgonjwa akishalegea, wakati hatari yenyewe inaanza, wote wanashusha pumzi na kutawanyika kutafuta soda. Dawa ya ulimi ulioanguka ni ubavu. Mlaze ubavu, uso uelekee chini kidogo ili mate na matapishi yatoke nje, kisha kaa naye mpaka azinduke vizuri.

Vitabu vingine husema mgeuze mara moja. Hivi aliyeandika amewahi kumgeuza dereva wa lori mnene aliyekakamaa kama gogo? Ukiweza, mgeuze. Ukishindwa usipigane naye; linda kichwa chake, ngoja alegee, hapo hapo mgeuze.

“Lakini musawo (daktari), midomo imekuwa bluu!” Ndiyo, misuli ya kifua nayo imekaza, hewa haipiti sawasawa kwa muda. Kijiko hakifungui kifua.

Mengine nayapitia mbio. Sogeza sigiri, mawe na pikipiki. Weka kitu laini chini ya kichwa. Usimkalie miguu, usimmwagie maji, usimnusishe kitunguu. Asinywe chochote mpaka awe anaongea na wewe kwa akili zake. Na povu haliambukizi kifafa, kwa hiyo mguse.

Halafu tazama saa ya simu. Kila anayenijia husema mgonjwa ametikisika nusu saa, na nusu saa hiyo mara nyingi ni dakika 2 pamoja na hofu. Mitikisiko mingi hukoma ndani ya dakika 3. Ikipita dakika 5, au ikianza tena kabla hajazinduka, hiyo ni dharura. Hapa sina raha na tunavyofundisha. Dakika 5 zinamfaa mtu ambaye gari la wagonjwa likiitwa linakuja. Aliye mbali na kituo cha afya namwambia atume mtu kutafuta usafiri tangu mwanzo. Mgonjwa akizinduka, tumelipa boda bure, basi. Ila msimbane katikati ya watu wawili kwenye pikipiki akiwa hana fahamu, kidevu kimeangukia kifuani. Hapo njia ya hewa mmeiziba nyinyi. Gari lolote litafutwe, alazwe ubavu.

Degedege la watoto, kati ya miezi 6 na miaka 5, huja na homa, na lenyewe mara nyingi hukoma haraka. Mtoto apelekwe kituoni hata kama limekoma, kwa sababu malaria kali na homa ya uti wa mgongo huweza kuanza vivyo hivyo. Apimwe malaria, apimwe na sukari. Kuhusu Panadol nitasema tusichopenda kusema: inashusha homa na mtoto anapata nafuu, lakini haijathibitika kwamba inazuia degedege lisirudi. Mpeni kwa ajili ya homa. Kumtumbukiza kwenye beseni la maji baridi, hapana.

Na mama mjamzito, au aliyejifungua siku chache zilizopita, akitikisika, sahau habari ya kuhesabu dakika. Chukulia ni kifafa cha mimba, hata kama mtikisiko umekoma na amekaa anaongea. Mlaze ubavu wa kushoto, mpeleke sasa hivi, na ukifika mlangoni taja mimba kabla ya kutaja kifafa, ili wapime presha na kuandaa sindano ya magnesiamu wakati wewe bado unatafuta kitabu chake cha kliniki.