Mitishamba ya kupandisha testosteroni kwa wanyanyua vizito: hupimwaje, na vipimo vimeonyesha nini?

Mbigiri, uwatu, ashwagandha na tongkat ali ni miongoni mwa mimea inayotajwa sana kwenye lebo za makopo yanayouzwa kwa wanyanyua vizito, kwa ahadi ya kupandisha homoni ya testosteroni na, kupitia hiyo, kuongeza misuli na nguvu. Maswali yafuatayo yanahusu namna ahadi hiyo inavyopimwa.

Mmea ungewezaje kupandisha testosteroni?

Kwa mwanamume, sehemu kubwa ya testosteroni hutengenezwa kwenye korodani kwa amri inayotoka kichwani: tezi ya pituitari humwaga homoni iitwayo LH, nayo huziamsha seli za korodani zifanye kazi. Testosteroni ikizidi katika damu, ubongo hupunguza amri hiyo na uzalishaji hushuka. Mmea unaweza kudaiwa kuongeza LH, au kukizuia kimeng'enya cha aromatase kinachoigeuza testosteroni kuwa estrojeni, au kuongeza kiasi kilicho huru kwa kupunguza kile kilichoshikwa na protini za damu. Watengenezaji wengi hutaja njia zote tatu kwenye kopo moja, kana kwamba mwili hauna breki. Kwa kijana mwenye afya, ambaye korodani zake tayari zinatii amri vizuri, breki hiyo ndiyo kikwazo kikubwa.

Testosteroni ikipanda kwenye damu, je, nguvu nazo hupanda?

Hupanda ikiwa ongezeko ni kubwa sana. Jaribio linalojulikana zaidi lilichapishwa mwaka 1996, na lilihusisha wanaume 43 waliokuwa na uzoefu wa kunyanyua vyuma, ambao kwa wiki 10 walichomwa ama testosteroni miligramu 600 kila wiki ama sindano isiyo na dawa, wengine wakifanya mazoezi na wengine wasifanye. Waliopata dawa na kufanya mazoezi waliongeza takriban kilo 6 za mwili usio na mafuta, na uzito waliousukuma wakiwa wamelala chali kwenye benchi uliongezeka kwa kilo 22. Waliopata sindano tupu lakini wakafanya mazoezi waliongeza kilo 2 za mwili na kilo 10 kwenye benchi.

Dozi hiyo iliipeleka testosteroni mbali juu ya kiwango cha asili, ambacho kwa vijana wa kiume wasio na unene uliopindukia ni kati ya nanogramu 264 na 916 hivi kwa kila desilita ya damu. Mmea unaosemekana kumtoa mtu kwenye 500 na kumfikisha 580 bado umemwacha ndani ya kiwango hicho hicho, na mabadiliko ya ukubwa huo yanaweza kutokea kwa mtu yuleyule kati ya asubuhi na jioni bila kumeza chochote. Kwa maoni yangu, kosa la kwanza la matangazo liko hapa: hukopa sifa za sindano ya miligramu 600 na kuzivisha kidonge cha majani.

Jaribio la kuaminika hufanywaje?

Washiriki hugawanywa kwa kura, kundi moja likapewa dondoo la mmea na jingine kidonge tupu kinachofanana nacho kwa sura na ladha, huku washiriki na wapimaji wote wasijue nani amepewa kipi. Sharti hilo la usiri lina sababu nzito. Mwaka 2000 watafiti walichapisha jaribio ambalo wanyanyua vizito wa mashindano walipewa vidonge vya sakarini, yaani kitamu bandia kisicho na dawa, na kuambiwa kuwa ni steroidi (dawa ya kujenga misuli inayofanya kazi kama testosteroni) inayofanya kazi haraka. Uzito walionyanyua ukaongezeka papo hapo. Baadaye baadhi yao walipoambiwa ukweli, nguvu zao zilirudi zilikokuwa, ingawa miili yao ilikuwa ile ile.

Uwatu huleta tatizo la pekee katika jambo hili. Una kemikali inayotoka kwenye jasho na mkojo ikiwa na harufu tamu, mfano wa sukari iliyoungua, kwa hiyo mtu akivua fulana baada ya mazoezi anaweza kubaini mwenyewe kwamba hakupewa kidonge tupu. Jaribio la uwatu ambalo halikuwauliza washiriki mwishoni wanadhani walikuwa wakimeza nini linastahili kusomwa kwa tahadhari.

Damu nayo ina masharti yake. Inafaa itolewe asubuhi, kabla ya kula, saa ile ile kila mara, na zaidi ya siku moja. Mashine zinazotenganisha molekuli na kuzitambua kwa uzito wake ni sahihi zaidi kuliko vipimo vya kawaida vya kingamwili, ambavyo vina udhaifu usiojulikana na wengi: baadhi yake hutumia biotini ndani ya kipimo, na mtu aliyemeza biotini nyingi, vitamini inayochanganywa katika virutubisho vingi vya ziada, anaweza kuonekana ana testosteroni nyingi kuliko aliyo nayo kweli. Mtu wa namna hiyo hutoka maabara akiamini kopo limefanya kazi, na kwa njia fulani limefanya, ila kazi hiyo imeishia kwenye karatasi ya majibu.

Majaribio kwa wanaofanya mazoezi ya nguvu yamesema nini?

Mbigiri ndio uliopimwa kwa uwazi zaidi, na matokeo yake hayavutii. Jaribio lililochapishwa mwaka 2007 liliwapa wachezaji wa raga ya ligi nchini Australia miligramu 450 kwa siku kwa wiki 5. Wachezaji 22 waliongeza nguvu na misuli, lakini waliomeza mbigiri hawakuwapita waliomeza kidonge tupu. Jaribio jingine la mwaka 2000, la wiki 8 kwa wanaume 15 waliozoea vyuma, halikuona faida, na la mwaka 2005 kwa vijana 21 halikuona mabadiliko ya testosteroni wala ya LH.

Uwatu una matokeo mchanganyiko. Katika jaribio moja la mwaka 2010, wanaume 49 wenye mazoezi walifuatiliwa kwa wiki 8, na waliopewa miligramu 500 kwa siku waliongeza nguvu zaidi ya wenzao. Majaribio mengine hayakukubaliana nalo.

Ashwagandha ndiyo yenye takwimu za kushangaza. Mwaka 2015 yalichapishwa majibu ya wanaume 57 wenye uzoefu mdogo wa vyuma, waliopewa ama miligramu 300 mara mbili kwa siku ama kidonge tupu kwa wiki 8. Waliopata mmea waliongeza kilo 46 kwenye benchi, wenzao kilo 26.4, testosteroni ilipanda kwa nanogramu 96.2 kwa desilita, dhidi ya 18.0. Sasa weka kilo hizo 46 kando ya kilo 22 za wale waliochomwa miligramu 600 za testosteroni halisi kila wiki kwa wiki 10. Mmea uliopandisha homoni kwa kiasi kidogo umeizidi sindano zaidi ya maradufu. Sehemu ya maelezo ni kwamba anayeanza mazoezi hupanda haraka kwa kuwa mwili unajifunza namna ya kusukuma chuma, jambo ambalo kilo 26.4 za kundi la kulinganisha zinalithibitisha. Takwimu hizo haziwezi kuhamishiwa kwa mtu aliyekwisha kunyanyua kwa miaka mitano. Inafaa pia kujua kwamba majaribio kadhaa ya uwatu na ashwagandha yamesaidiwa na kampuni zinazotengeneza dondoo hizo. Hilo halifuti matokeo, lakini linaongeza haja ya kuyarudia kwingine.

Kilichoandikwa kwenye lebo ndicho kilichomo?

Si mara zote. Watafiti wa maabara ya Cologne, Ujerumani, walikusanya virutubisho 634 kutoka nchi 13 kati ya mwaka 2000 na 2001, na katika 94, yaani asilimia 14.8, wakakuta homoni au vitangulizi vyake ambavyo havikutajwa kwenye lebo. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilitoa tahadhari kuhusu bidhaa 776 zilizochanganywa na dawa kati ya mwaka 2007 na 2016. Karibu asilimia 12 zilikuwa za kujenga misuli, nazo nyingi zilikuwa na steroidi za kutengenezwa. Kopo la mitishamba linalojenga misuli kwa kasi isiyo ya kawaida lipelekwe maabara kabla ya kusifiwa.

Kwa mwanamichezo wa mashindano, Wakala wa Dunia wa Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli, WADA, humhesabu kuwajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Maabara huangalia uwiano wa testosteroni na epitestosteroni, homoni inayofanana nayo ambayo mwili pia huitengeneza, katika mkojo. Ukizidi 4 kwa 1, uchunguzi huongezwa, ukiwemo wa kupima aina za kaboni. Testosteroni ya viwandani hutengenezwa kutokana na mimea kama soya, na kaboni yake hutofautiana na ya ile iliyotengenezwa na mwili. Kwa hiyo neno "asili ya mmea", ambalo kwenye tangazo ni sifa, huko maabara linaweza kuwa ushahidi.

Madhara gani yanajulikana?

Ashwagandha imehusishwa na matukio ya kuumia ini, na inaweza kupandisha homoni za tezi ya shingo. Steroidi zilizofichwa huleta chunusi, kusinyaa kwa korodani, kuota matiti kwa mwanamume na ugonjwa wa ini. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa na rangi ya chai iliyokolea au ngozi ikiwasha mwili mzima, acha mara moja na uende hospitali ukiwa na kopo lenyewe.

Nikitaka kujipima, nianzie wapi?

Anzia kwenye usingizi. Katika utafiti wa mwaka 2011, vijana 10 wenye afya waliolala saa 5 kwa usiku kwa muda wa wiki moja walishuka testosteroni ya mchana kwa asilimia 10 hadi 15, kiasi ambacho makopo mengi hayajathibitisha kukirudisha. Kisha pima damu asubuhi mbili tofauti kabla ya kuanza kumeza chochote, mweleze daktari virutubisho vyote unavyotumia, hasa vyenye biotini, na rudia kwa saa ile ile katika maabara ile ile. Daftari la uzito ulionyanyua wiki 8 kabla ya kopo lina thamani kama ya kipimo cha damu, kwa sababu bila hilo huwezi kujua ungefika wapi kwa mazoezi peke yake. Ukiwa unashindana, chagua toleo (makopo yaliyotengenezwa kwa pamoja kiwandani) lililopimwa na maabara huru, andika namba yake, na uhifadhi kopo moja la toleo hilo bila kulifungua: halitakuondolea hatia likitokea tatizo, lakini litawapa wachunguzi kitu cha kupima mbali na maelezo yako.