Kabla hujatuma maombi mengine, jua jina lako limekatwa wapi

Majibu ya kampuni za mawakili yakianza kutoka, inboksi yangu inajaa sentensi ile ile, kinachobadilika ni jina la mtumaji tu: "Dada, nimekataliwa tena, sasa nakaza roho natuma nyingi zaidi." Ukimuuliza nani kamshauri, kuna jamaa huko LinkedIn kamwambia huu ni mchezo wa namba. Nimejibu hili mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika hapa na kuanzia sasa nitakuwa narusha linki tu, mtanisamehe.

Naongelea nafasi za uanagenzi, ule mkataba wa mafunzo (training contract) wa kukufanya solisita, kwenye kampuni za mawakili huku Uingereza, na namaanisha England na Wales, Scotland wana utaratibu wao. Mimi ni solisita, yaani wakili wa huku anayeshughulika na wateja moja kwa moja, sio mtu wa HR. Nasoma fomu zikiletwa idarani kwetu na nakaa kwenye paneli ya usaili nikiitwa. Ninachokiona ni kipande tu, ila ni kipande ambacho huyo jamaa wa LinkedIn hajakiona.

Kukaza roho sina tatizo nako, kaza, utaihitaji. Kinachoniudhi ni mtu kuchukua kukataliwa kote akaona ni kitu kimoja. Ana lundo la imeili za "tunasikitika kukujulisha", ukimuuliza hii ulikatwa hatua gani, anakwambia walinikataa tu. Hakuna kitu kinaitwa walinikataa tu! Njia mnaijua: fomu, mtihani wa mtandaoni, wengine wanakutaka ujirekodi video, halafu siku ya asesmenti, halafu mapatna, yaani mawakili wabia wenye kampuni, na kwenye kampuni nyingi kubwa kuna skimu ya likizo (wiki chache za kufanya kazi kwao kwa majaribio) hapo katikati ambayo ndiyo wanaitumia kuchukua wanagenzi wao wengi. Kila hatua ina mtu wake anayekata na sababu zake za kukata. Ile imeili yenyewe haina kitu, ni ya kukopi na kupesti, ile habari ya "tulipokea maombi mengi ya kiwango cha juu" wanapewa wote, aliyekosa kidogo na aliyeandika jina la kampuni nyingine kwenye fomu. Habari iliyomo humo ni moja: umeishia hatua gani. Na hiyo moja ndiyo watu wanaitupa.

Matokeo yake naona vituko viwili kila mwaka. Cha kwanza, mtu hajawahi kuvuka fomu hata mara moja, lakini anafanya mazoezi ya usaili mbele ya kioo na kulipia kozi za "jinsi ya kumvutia patna". Patna gani, ndugu yangu, wakati hata jina lako halijamfikia? Cha pili ndio kinanitoa machozi kabisa. Mtu kafika mpaka usaili wa mwisho, kakosa, karudi nyumbani kaona yeye hafai, kafuta fomu yake yote kaanza kuandika upya kama mtu mwingine. Fomu ambayo ilishashinda! Imepita kwa watu wa HR, imepita kwa solisita kama mimi mwenye njaa na simu inayoita, imemfikisha mezani, halafu ndiyo anayoichana. Mwaka unaofuata hapiti hata hatua ya kwanza, anasema unaona, nilijua tu sifai.

Haya, twende hatua kwa hatua, zingine nitazipitia mbio.

Kwenye fomu kuna sababu zisizo na utamu wowote. Kampuni nyingi zinataka 2:1, yaani shahada ya daraja la pili la juu, kama huna na una sababu ya msingi kuna kisanduku cha kueleza mazingira yako, kijaze, watu wanaona aibu kukijaza sijui kwa nini. Kama unahitaji kudhaminiwa viza, serikali inachapisha rejista ya waajiri wenye leseni ya kudhamini, ipo wazi mtandaoni, angalia kabla hujapoteza wikiendi nzima kuandikia kampuni ambayo haimo. Na zipo kampuni zinazosoma maombi kadiri yanavyoingia, dedilaini ikifika nafasi zimebaki za kuhesabu. Ukituma usiku wa mwisho kwa kampuni kama hiyo ukakosa, hujapimwa uwezo wako, umechelewa tu.

Ukiondoa hayo, fomu nyingi zinakufa kwenye swali moja, kwa nini sisi. Hii hapa ni aya nimeitunga sasa hivi lakini nakuhakikishia nimeisoma ikiwa na majina tofauti mpaka naiota: "Nimevutiwa na kazi zenu za kimataifa, utamaduni wenu wa ushirikiano na mafunzo bora mnayowapa wanagenzi." Toa jina la kampuni, weka jina la mpinzani wake wa mtaa wa pili. Bado inasoma vizuri? Basi hujajibu. Mtu akiniandikia kwamba alikaa na kesi moja tuliyoshiriki, akasoma hukumu yenyewe sio habari ya gazetini, na kitu fulani kwenye hoja ya upande uliopoteza hakijamkaa sawa mpaka leo, mimi hapo nanyanyua kichwa. Hata kama hoja yake ina kasoro. Sasa niambie, aya kama hiyo utaiandika mara ngapi kwa mwezi ukiwa umeamua kutuma kampuni hamsini? Ndio maana ushauri wa "tuma nyingi" unawaua hasa wale walioshindwa kwenye fomu, unawaongezea ugonjwa ule ule.

Mtihani wa mtandaoni. Wengi wanatumia Watson Glaser, mtihani wa kupima unavyochambua hoja, una sehemu tano, na wanafunzi wa sheria wanaanguka kwa sababu wanajua sheria. Sitanii. Unapewa kitu kama hiki: baadhi ya mikataba iliyovunjwa iliandikwa na mawakili, mikataba yote iliyoandikwa na mawakili ina sahihi, je inafuata kwamba baadhi ya mikataba iliyovunjwa ina sahihi? Inafuata, bonyeza, songa mbele. Lakini mwanasheria wetu anaanza kubishana na swali, sahihi ya kielektroniki je, mkataba wa mdomo je, dakika zinakwenda. Nenda na kilichoandikwa tu. Isipokuwa ile sehemu ya kwanza, ya kukadiria ukweli wa hitimisho, yenye majibu matano kuanzia kweli mpaka uongo na katikati kuna "huenda ni kweli", "taarifa hazitoshi" na "huenda ni uongo", pale unaruhusiwa kutumia uelewa wa kawaida ambao kila mtu anao, na ndipo watu wanapochanganyikiwa kwa sababu maelekezo yanabadilika kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Soma maelekezo ya kila sehemu.

Kama mtihani unapima uanasheria mzuri? Kusema ukweli sijui. Nafanya kazi na watu ambao nina mashaka wangeupita leo, na ndio hao nawakimbilia nikikwama. Unapunguza idadi, hiyo kazi unaifanya vizuri, zaidi ya hapo mimi siweki mkono Kurani wala Biblia. Ila habari njema ni kwamba unafundishika, ukikatwa hapa rudia mazoezi, usirudie maisha yako yote.

Sasa usaili wa mwisho, na hapa naomba mnivumilie.

Mwisho wa siku ya asesmenti tunakaa chumbani na karatasi za alama. Wa juu kabisa wanajulikana, hakuna anayebishana. Wa chini kabisa pia. Halafu wanabaki wale wa katikati ambao ni wengi kuliko nafasi zilizobaki, na hapo tofauti ya alama kati ya anayepata na anayekosa ni ndogo kiasi kwamba ungewapanga kesho yake mpangilio ungebadilika. Mmoja katoa mada vizuri lakini kwenye kazi ya kundi alikaa kimya nusu saa ya kwanza. Mwingine kaongoza kundi lakini kwenye kuandika barua ya mteja kasahau kumwambia mteja tarehe ya mwisho. Yupi bora? Mmoja wetu anasema huyu, mwingine anasema yule, aliyesema kwa kujiamini zaidi anashinda, tunasaini, tunaenda nyumbani. Mimi nimetoka kwenye vyumba hivyo nikiwa sina uhakika hata kidogo kwamba tuliyemchukua ni bora kuliko tuliyemwacha. Hatuandiki hivyo kwenye mrejesho. Kwenye mrejesho tunaandika "ungeonyesha uelewa mpana zaidi wa biashara", kwa sababu lazima kuandikwe kitu, na yule tuliyemwacha anakwenda kushinda miezi akisoma gazeti la uchumi akidhani hapo ndipo alipokosea.

Kwa hiyo ukikatwa hapa mara moja, au hata mara kadhaa kwenye kampuni tofauti, hii ndiyo ile sehemu ndogo ambayo kweli ni namba. Wewe tayari uko kwenye lile kundi, unachohitaji ni kufika tena mezani, na fomu yako imeshathibitisha inakufikisha. Usiiguse! Badilisha tarehe, badilisha ile aya ya kwa nini sisi, basi. Naongeza tahadhari moja: kama mrejesho wa kampuni ambazo hazijuani unarudia jambo lile lile, mfano kila mmoja anasema majibu yako ni marefu hayana mwisho, hiyo sio bahati mbaya, hilo lifanyie kazi. Mrejesho mmoja ni maneno, ukirudiwa na watu tofauti ndio unakuwa ushahidi. Uombe kwa adabu, kwa imeili fupi, waliofika usaili wengi huwa wanapewa. Kuna wajuaji huwa wananiambia kisheria unaweza kudai maandishi ya paneli kama taarifa zako binafsi. Unaweza kuyadai, ndiyo. Utapata karatasi yenye mwandiko wangu mbaya inayosema "mzuri, ana wasiwasi", sijui itakusaidia nini.

Kuhusu moyo wenyewe sina mengi. Siku ya kukataliwa usitume kitu kingine, nikisoma fomu iliyoandikwa kwa hasira naijua. Weka jedwali: kampuni, tarehe, hatua uliyofikia, jibu. Ukiona hatua uliyofikia inasogea mbele msimu hadi msimu, unaendelea vizuri hata kama safu ya mwisho ni "hapana" tupu. Na kama haisogei popote, hilo nalo ni jibu.

Nalo ni jibu kwa sababu mkataba wa mafunzo sio mlango pekee, na bado watu wananiandikia kana kwamba bila huo huwezi kuwa solisita. Chini ya SQE, mfumo wa mitihani ya kuwa solisita ulioanza Septemba 2021, unahitaji miaka miwili ya uzoefu unaotambulika, na unaweza kuukusanya mpaka sehemu nne tofauti: uparalego (kazi ya msaidizi wa mawakili), kliniki ya sheria, kazi ya kujitolea, hata nje ya nchi mradi kuna solisita wa England na Wales anayestahili kuuthibitisha. Halafu watu wanaogopa kumfuata huyo solisita wakidhani wanamwomba aape kwamba wao ni hodari. Haapi hivyo. Anathibitisha muda uliofanya, kwamba ulipata nafasi ya kukuza angalau stadi mbili kati ya zile za SRA, chombo kinachosimamia masolisita, na kama kuna jambo la uadilifu anatakiwa kulisema. Uhodari wako unapimwa na mitihani yenyewe. SQE1, sehemu ya kwanza, ni maswali 360 kwenye karatasi mbili, na kila mtihani unaruhusiwa kuufanya mara tatu tu kwa jumla ndani ya miaka sita, kwa hiyo usiingie kujaribu jaribu. Sisemi ni njia rahisi, gharama ya mitihani inakuwa juu yako wakati mwenye mkataba analipiwa na kampuni mara nyingi, na zipo kampuni ambazo paralego akishakaa wanamzoea kama fanicha, hawamwoni tena. Hilo la mwisho sina dawa yake.

Swali la mwisho ambalo naulizwa sana ni kama inafaa kurudi kwa kampuni iliyokukataa. Inafaa, wengi wanaruhusu msimu unaofuata, soma masharti yao. Kwenye fomu kuna pale wanapouliza umewahi kuomba kwetu, watu wanaanza kuhangaika waandike nini, wengine wananiuliza kama wakiandika hapana itajulikana. Itajulikana, ipo kwenye mfumo wao, na unaomba kuingia kwenye taaluma ambayo SRA watakukagua uadilifu kabla hawajakusajili. Andika ndiyo, taja mwaka, taja hatua uliyofikia, na kama kuna ulichokifanya tangu hapo kiandike kwa sentensi mbili. Usiombe radhi.